Mguu unaniuma toka tako mpaka kidole kidogo, picha ya radio haioni kitu: nimekanyaga dawa?

Mama kine, wewe unayetibu watu kwa mazoezi ya viungo, jambo sana, aksanti kwa kazi unafanyaka. Mimi ni mama wa hapa Bukavu, Kadutu, niko na miaka 41 na batoto batano. Bwana yangu ni mwalimu na unajua vile mshahara ya mwalimu iko, basi mimi njo ninatafutaka chakula na minervali, ile feza ya masomo. Kazi yangu ni kubeba mizigo. Mashua za Idjwi zikifika napandisha makala (makaa), ndizi, mihogo, mpaka soko ya Kadutu, kamba kwa kichwa mzigo kwa mgongo, vile sisi bamama tunafanyaka.

Mbele ya Pasaka niliinamia mufuko wa makala uliokuwa umenyeshewa mvua, ulikuwa mzito sana, nikasikia kitu imefanya "ka" kwa kiuno. Nikalala siku ile na mgongo ukiuma sana, kisha mgongo ukapunguka, nikasema Mungu ni mwema nimepona. Wiki ilifuata mguu wa kushoto ukaanza. Inatoka kwa tako, inashuka nyuma ya paja, inapita kwa shavu la mguu mpaka kwa kidole kidogo, kama vile kura (mkondo) ya umeme inanipita. Kule pembeni ya mguu kuna ganzi, nikigusa nasikia kama si ngozi yangu. Nikikohoa nalia. Nikikaa chini kupepeta maharagwe siwezi kumaliza, lazima nisimame.

Nilienda centre de santé (kituo cha afya) fulani, bakapiga radio ya mguu, bakasema mfupa uko muzima, hamuna kitu. Sasa kila maumivu ikizidi naenda farmasi ya kartiye kijana ananipiga sindano kwa tako na kunipa dexa (dexamethasone), napata nguvu siku mbili tatu, kisha inarudi. Jirani anasema hiyo ni siyatiki, eti mtu wa siyatiki bakimupasua anabaki kiwete. Mama mukwe yeye anasema nimekanyaga kitu, juu kuna mama mwenzangu wa mizigo tuligombana naye, na ameita mzee mmoja akanichanja kwa mguu na wembe akapakaa unga mweusi, sasa anataka mbuzi. Bwana yangu anasema nilale tu kitandani mwezi nzima. Kila mtu na yake. Mama kine, huu mguu uko na nini? Nitabaki kiwete? Na nitarudi kazini lini, juu batoto banafukuzwa kwa masomo.

Mama wa Kadutu

*

Mama wangu, jambo, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara kadhaa na kuna mstari mmoja ulionishika, ule unasema mgongo ulipunguka kisha mguu ukaanza, juu hapo njo jibu lipo na hapo njo watu wote waliokuzunguka walipotea. Mguu wako si mgonjwa. Mguu unalia, lakini anayeupiga yuko juu, kwenye kiuno, pale penye ilifanya "ka".

Nieleze vile iko. Mshipa wa siyatiki si mshipa wa damu, ni wa fahamu, ule unapeleka habari kati ya mguu na ubongo, na ni mnene kuliko mishipa yote ya fahamu kwa mwili wa mtu, kule kwenye tako unaweza kuwa na upana wa karibu sentimita 2. Unazaliwa na mizizi mitano inayotoka chini ya uti wa mgongo, inaungana, inapita ndani ya tako, inashuka nyuma ya paja, kisha kwa goti inagawanyika kwenda mpaka vidoleni. Sasa ubongo hauna akili ya kujua waya umefinywa wapi, yeye anajua tu waya huu ni wa kidole kidogo, basi anakuambia kidole kidogo kinaumwa. Njo maana walipiga radio ya mguu na mfupa ukaonekana muzima, ni kweli uko muzima, walitafuta mahali pasipo na kitu. Na hata wangepiga radio ya mgongo, radio inaonyesha mifupa, haionyeshi diski wala mishipa, kwa hiyo ile "hamuna kitu" isikufanye useme basi ni uchawi.

Diski ni nini? Mgongo ni mifupa imepangwa mmoja juu ya mwengine na kati ya mfupa na mfupa kuna kitu laini, kama ile ngata mama anaweka kwa kichwa ili mzigo usimuumize, pembeni ngumu, katikati ute. Ukiinama mgongo umekunjika na kuinua mzigo mzito kwa mara moja, zaidi ukiwa unageuka pia, ile pembeni inaweza kupasuka na ute ukasukumwa nje kuelekea nyuma, na nyuma pale pale njo mzizi wa mshipa unapita. Waganga wa hospitali wanaita erni diskali. Ute ule hausukumi tu, unachoma pia, mshipa unawaka na kuvimba, na njo sababu maumivu yanakuwa makali hivyo hata kama kipande kilichotoka ni kidogo. Na ukikohoa, ukichemua, ukijikaza chooni, msukumo ndani ya mgongo unapanda na mshipa unafinywa zaidi, kama vile ulivyosema unalia.

Kwa karatasi za hospitali mtaona wameandika L4-L5 au L5-S1 na watu wanaogopa wakifikiri ni jina la ugonjwa mbaya. Ni anwani tu. Kiuno kiko na mifupa 5, inahesabiwa L1 mpaka L5, kisha chini yake inaanza S, na erni nyingi zinatokea kwa hizi gorofa mbili za chini juu njo zinabeba uzito mwingi. Mzizi wa L5 ukifinywa maumivu yanapita pembeni ya mguu mpaka juu ya unyayo na kidole kikubwa, na mtu anapata shida kuinua unyayo. Mzizi wa S1 ukifinywa yanapita nyuma, shavu la mguu, kisigino, mpaka kidole kidogo, na mtu anapata shida kusimama kwa vidole. Yako vile umeieleza inafanana sana na ya S1. Mimi sikukugusa, siwezi kuapa, lakini mtu wa kazi akikupima dakika chache tu kitandani atajua mengi: atakulalisha chali, atainua mguu ulionyooka polepole, na ikiwa kati ya digri 30 na 70 ile kura inashuka chini ya goti, hiyo ni dalili ya mzizi kufinywa. Wanaita mtihani wa Lasègue, jina la munganga wa Paris, na aliyeuandika kwanza mwaka 1881 alikuwa mwanafunzi wake Forst. Zaidi ya miaka 140, na hauombi mashine wala feza nyingi, ndiyo maana nasikitika mtu anapigwa sindano miezi bila mtu yeyote kumwinulia mguu.

Lakini wasomaji wengine msijipachike erni kila mguu ukiuma, juu sababu si moja. Wazee wa miaka 60 na kuendelea, wao mara nyingi ni mfereji wa mgongo umekuwa mwembamba, mifupa imeota na kujaza nafasi. Huyo akitembea kidogo miguu inauma au inakufa ganzi, akikaa au akiinamia mbele inapoa, na hapa kwetu penye milima utasikia mzee anasema kupanda Nyawera ni afadhali kuliko kushuka, watu wanashangaa, kumbe ukipanda unainama mbele na mfereji unafunguka. Kuna wengine mfupa mmoja umeteleza juu ya mwenzake. Bamama wenye mimba, tumbo linavuta kiuno na viungo vinalegea, wanaweza kupata maumivu kama haya na mara nyingi yanaisha baada ya kuzaa. Na bamotari, mnakaa kwenye kiti cha moto (pikipiki) asubuhi mpaka usiku na mkoba mnene mfukoni nyuma, kuna msuli ndani ya tako ambao mshipa unapita chini yake, ukikazana unaufinya, huyo mgongo wake uko sawa ila tako. Toeni ule mkoba, shukeni kwa moto mara kwa mara mtembee.

Na iko nyingine ninayoitaja kwa sauti kubwa juu hapa kwetu ipo, kifua kikuu cha mgongo. Wengi wanafikiri TB ni kukohoa tu, hapana, inaweza kukaa kwenye mifupa ya mgongo mtu asikohoe hata mara moja. Wanaandika "mal de Pott", ni Percivall Pott, munganga wa London, aliyeieleza mwaka 1779. Maumivu yake hayapoi hata ukilala, usiku yanazidi, unakonda, jioni homa, usiku jasho linalowesha shuka, na ikichelewa mgongo unatoa kibyongo na miguu inaweza kulegea kabisa. Dawa za TB hapa Kongo zinatolewa bure, zinachukua miezi mingi lakini mtu anapona, basi ukiwa na dalili hizo usikubali kuambiwa ni rumatizimu. Pia mtu aliyewahi kuwa na kansa, ya ziwa ao ya prostate, akianza mgongo na mguu kuuma aende haraka, asingoje.

Vingine vinafanana na siyatiki na si yenyewe. Nyayo zote mbili kuwaka moto usiku kwa mtu wa sukari, hiyo ni sukari inaharibu mishipa. Mguu mmoja kuvimba, kuwa moto na shavu kuwa gumu, inaweza kuwa damu imeganda, hospitali siku ile ile.

Sasa sindano. Mama, hapa niko serious. Huu mshipa unaoumwa unapita ndani ya tako lenyewe, chini na katikati. Sindano ya tako inapigwa juu kabisa na upande wa nje, na kijana wa farmasi asiyefundishwa akiteremka kidogo anaweza kuuchoma ama kumwaga dawa ndani yake, na hapo mtu anapiga kelele, mguu unawaka mara moja mpaka chini, na unyayo unaweza kulegea ukawa unaburutwa. Nimesikitika sana kuona watoto wadogo na watu wazima wanaletwa kwa kine sababu ya hiyo, mtu aliingia farmasi na homa akatoka na mguu mbovu. Kama kuna dawa ya kumeza, meza. Na hiyo dexa unayopewa inapunguza uvimbe kweli, njo maana unapata siku mbili tatu nzuri, lakini kuirudiarudia bila munganga inapandisha tansio (presha), inapandisha sukari, inalegeza mifupa, inafungua mlango kwa maambukizi na kama kuna TB imejificha inaipa nguvu. Lakini sikiliza vizuri, kama umeimeza wiki nyingi mfululizo usiikate ghafla peke yako, mwambie munganga akupunguzie polepole. Vitamini B nazo watu wanazinunua sana, hazifungui mzizi uliofinywa.

Za maumivu, paracetamol ama ibuprofen kwa siku chache inaweza kusaidia kidogo, na nasema kidogo kwa makusudi, kwa siyatiki vidonge havifanyi ajabu. Ibuprofen na diclofenac ule kwanza, na usizitumie kama uko na ulseri (vidonda vya tumbo), tansio, ugonjwa wa figo ao mimba.

Bwana yako anakupenda lakini kitanda mwezi nzima hapana. Zamani hata waganga walikuwa wanasema hivyo, leo tunajua kulala sana kunalegeza misuli inayoshika mgongo na mtu anachelewa kupona. Siku moja mbili za maumivu makali lala, lala kwa ubavu na mto katikati ya magoti, ama chali na mto chini ya magoti. Kisha amka utembee ndani ya parseli, kidogo, mara nyingi kwa siku, mahali pa tambarare. Usikae chini kwa kiti kifupi kupepeta maharagwe, weka sinia juu ya meza usimame, ama mpe binti yako. Kitambaa cha maji moto kwa kiuno kinatuliza. Na angalia kitu kimoja: maumivu yakitoka kidoleni yakapanda kwa paja, kisha yakabaki kwa kiuno tu, hata kama kiuno kinauma zaidi kidogo, hiyo ni habari nzuri, mshipa unaachiliwa. Ukiona zoezi ama namna ya kukaa inayashusha chini zaidi, acha hiyo. Kine atakuonyesha mazoezi yako wewe, usichukue ya jirani, juu ya mwenye erni na ya mzee mwenye mfereji mwembamba yanaweza kupingana kabisa.

Uliuliza kama utabaki kiwete. Wengi sana wenye siyatiki ya diski wanapata nafuu bila kupasuliwa, mara nyingi kati ya wiki 6 na 12, na kile kipande cha diski kilichotoka mwili wenyewe unaweza kukila polepole mpaka kikaisha. Wewe umepitisha muda bila matunzo ya kweli na uko na ganzi, kwa hiyo si wa kungoja tena nyumbani, uende hospitali kubwa, Panzi ao Hospitali ya Provinsi, uombe kuonwa na munganga na kine. Wataamua kama inafaa kutafuta IRM (wengine wanaita MRI), ambayo njo inaonyesha diski, ni ghali na haipatikani kila mahali, na mara nyingi wanaianza tu kama wanafikiria upasuaji ama wanashuku kitu kibaya. Upasuaji wenyewe ni kwa wachache: nguvu ya mguu inapotea, ama maumivu yamekataa miezi. Jirani anayesema wakikupasua unabaki kiwete anaogopesha watu bure, mara nyingi kinacholeta kilema ni kuchelewa mshipa ukifa.

Na kuna hali moja ambayo hamtangoja hata asubuhi. Mkojo ukikataa kutoka ama ukatoka wenyewe, haja kubwa ikatoka bila kusikia, ganzi ikaingia sehemu za siri na pale unapokalia, ama miguu yote miwili ikalegea. Hapo kifungu chote cha mishipa ya chini kimefinywa, na kinatakiwa kufunguliwa haraka sana, ndani ya saa 48 ikiwezekana, la sivyo mkojo na miguu vinaweza visirudi. Bamama wengi wanaona haya kusema habari ya mkojo mbele ya watu. Semeni tu, hata usiku, hata kwa shemeji, mtafute moto ama taxi mwende.

Kazi sasa. Siwezi kukuambia uache mizigo bila kujua watoto watakula nini, ningekudanganya. Lakini kwa sasa, mpaka mguu unyamaze, usibebe. Zungumza na bwana yako na wenzako wa likelemba (mchango wa kupokezana), kama zamu yako inaweza kusogezwa uipate mapema, uuze kitu kidogo ukiwa umesimama, makala kwa rundo ama unga kwa kipimo. Ukirudi, anza na nusu ya mufuko hata kama utapanda mara mbili, usiinue kutoka chini peke yako, omba wawili wakutwike, kunja magoti si mgongo, mzigo ukaribie mwili, na usigeuke kiuno ukiwa umebeba, geuza miguu. Makala yaliyonyeshewa yaacheni yakauke ama mgawanye, mwenye mali akikasirika akasirike.

Kuhusu mama mukwe, usigombane naye, anakutafutia uzima kwa njia anayoijua. Ila usichanjwe tena. Wembe uliochanja wengine unaweza kuleta hepatiti B na ukimwi, umuulize yule mzee kama ulikuwa mpya, na kama hujui, ukifika hospitali omba vipimo. Mbuzi ibaki, iuze ulipie konsultasio. Na yule mama mwenzako wa mizigo hakukufanya kitu, mufuko ulikuwa mzito na mgongo ulikuwa umekunjwa, msalimie ukikutana naye.

Nakuomba ufanye kitu kimoja leo mbele ya kulala. Shika ukuta, simama kwa vidole vya mguu wa kushoto peke yake, ushuke, urudie mara kumi. Kisha fanya na wa kulia. Tembea hatua chache kwa visigino. Kama wa kushoto unashindwa na wa kulia unaweza, nguvu imeanza kupotea, hapo usingoje wiki ijayo, kesho asubuhi uende, na uwaambie kwa maneno haya haya: niliinua mzigo, mgongo uliuma, kisha maumivu yakashuka mpaka kidole kidogo, niko na ganzi, siwezi kusimama kwa vidole, na nimekuwa nameza dexa. Mwende na mama mukwe, amwone munganga akiinua mguu wako.